Mjomba, majongoo bahari na meza ya Mchina

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko (bado!). Ni wiki za mwisho wa semista tu, na hapa Mlimani wiki hizo hazina urafiki na mtu. Leo bumu limeingia, tumbo limetulia, basi ngoja niwape stori ya mjomba wangu. Humo ndani mna historia pia. Si mnajua tena, mwanafunzi wa historia hawezi kula kitu bila kuuliza kimetoka wapi.

Mjomba alikuja Dar kutoka Kilwa kutibiwa masikio. Ni kaka mkubwa wa mama, umri wake umepita sitini, na sikio la kushoto halisikii kabisa. Kisa cha hilo sikio nitakieleza mbele. Alifikia kwa ndugu zetu Mbagala, na kazi ya kumzungusha mjini ikaniangukia mimi msomi wa ukoo.

Siku ya kwanza nikampeleka soko la samaki la Feri. Wallahi sikujua kama mzee huyu mpole ana ukali ule. Kila samaki aliyeonyeshwa alimfunua mashavu, akaangalia wekundu, akambonyeza tumbo kwa kidole gumba, akamrudisha. Meza ya nne ndipo akamkubali changu mmoja. Tukampeleka kwa wakaangaji, tukala kwa ugali na pilipili, gharama yenyewe ya kawaida kabisa, mwanafunzi analipa na nauli inabaki. Nikadhani kazi imekwisha.

"Mjomba," akaniambia huku ananawa mikono, "kesho nipeleke kwa Mchina."

"Kariakoo, dukani?"

"La, dukani sina haja. Nipeleke anapokula. Nataka nimwone mtu anakula jongoo."

Kwa wasiojua, jongoo bahari ni mnyama laini anayelala mchangani chini ya bahari, umbo kama tango, hana macho wala mifupa ya kushika. Ukimwokota anakulegea mkononi. Wengine wakishtuliwa hutoa utumbo nje. Sisi watoto wa pwani tunamwogopa kidogo na kumdharau sana. Pwani nzima tunakula pweza, ngisi, kaa, kamba, chaza, mpaka taa na papa, lakini jongoo hapana, hata mwaka wa njaa sikusikia mtu kampika.

Mjomba aliwazamia kwa miaka mingi, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Anasema mwanzo walikuwa wanawaokota kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakitoka sana. Walipoisha kwenye kina kifupi wakaanza kuzamia. Walipoisha hapo wakaenda chini zaidi, bila mtungi, kwa pumzi ya kifua. Siku moja akapanda juu damu inatoka sikioni. Akapumzika wiki moja, akarudi, maana mama yangu alikuwa sekondari na ada ilikuwa inatoka kwenye hayo majongoo. Mama akamaliza, akawa mwalimu, akanizaa, akanisomesha. Kwa hesabu hiyo mimi niko chuo kikuu kwa sababu kuna mtu huko Uchina, simjui hanijui, alikunywa supu. Na katika miaka yote hiyo mjomba hakuwahi kumwona hata mtu mmoja akiwala. Tajiri alikuja, akapima, akataja bei yeye, akaondoka na magunia.

Basi bwana, kesho yake jioni tukaenda. Mgahawa sitautaja jina, uko upande wa Msasani. Tulikuwa watatu: mjomba, mimi na mwenzangu wa chumba, kijana wa Mlimba, ambaye mkisema "kuna msosi" hahitaji kuulizwa mara mbili. Bumu letu la chakula na malazi ni Sh 10,000 kwa siku, kwa hiyo nilikuwa nimejikusuru wiki mbili kwa maharage ya mama ntilie. Mlangoni kuna tangi la kioo, samaki na kaa wanaogelea. Mjomba akasimama pale dakika nzima. "Hawa wanamjua samaki," akasema. Huo kutoka kwake ni ushindi mkubwa, kule Feri hakumsifia mtu.

Tukakaa, menyu ikaja. Ina picha. Ukurasa wa tano hivi, huyo hapo: jongoo bahari, mweusi, anang'aa kwenye mchuzi mzito, pembeni majani ya mboga. Sh 95,000 sahani moja. Mjomba akaomba nimsomee bei. Nikasoma. Akaomba nisome tena, upande wa sikio la kulia.

"Sahani moja ina wangapi?"

Mhudumu, dada wa Kitanzania, akasema ni vipande, pengine jongoo wawili au watatu.

Mjomba akafunga menyu taratibu, akaiweka mezani, hakusema kitu.

Kile kimya ndicho kilichonipeleka maktaba wiki iliyofuata (ile mpya kubwa, ambayo nayo imejengwa kwa msaada wa Uchina, ilizinduliwa 2018). Nilitaka kujua: hii habari ya chakula baina yetu na Wachina imeanza lini? Ukiuliza watu, wengi watakwambia Tazara. Jamani, Tazara ni juzi.

Mimi nimekulia Kilwa Masoko. Ukivuka na mashua kwenda Kisiwani, kwenye magofu, ufukweni unaokota vigae: vyeupe vyenye maua ya samawati, vingine vya kijani kilichopauka. Tulipokuwa wadogo tulivifanya sahani za mchezo wa kupika. Tunapakua mchanga, tunauita wali. Nilipofika mwaka wa kwanza ndipo nikajua kwamba vile vigae ni kauri za Uchina, na kwamba karne kadhaa zilizopita watu wa palepale walipakulia chakula cha kweli kwenye vyombo hivyo. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani hii mwaka 1955 akashangaa wingi wa kauri za Kichina zilizovunjika kati ya Dar na Kilwa, akaona kuwa historia ya zama za kati za Tanganyika imeandikwa humo. Miaka ya 1960 Neville Chittick akachimba Kilwa yenyewe, pamoja na lile jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, akakuta humo vyombo vya enzi ya Yuan.

Walikula nini humo? Kilwa yenyewe Ibn Battuta alifika mwaka 1331, lakini kwa habari za chakula alitusaidia zaidi alipopita Mogadishu kwenye safari hiyohiyo. Anaeleza wali uliopikwa kwa samli, ukaletwa kwenye sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo: kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa mgando, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mwaka 1331 hiyo! Toa ndizi za maziwa, mengine yote ukimpelekea bibi yangu leo atauliza tu nani kaolewa. Na wali wenyewe haukuwa chakula chetu tangu mwanzo. Kule Pemba mabaki ya nafaka yaliyochimbuliwa yanaonyesha kuwa mpunga ulikuja kutawala baada ya mwaka 1000 hivi, na kabla ya hapo mtama na uwele ndio vilivyoshika nafasi. Wanaakiolojia wanaotafiti karamu za Waswahili wa kale wanaona mambo haya yamekwenda pamoja: wali, mabakuli mapana ya kigeni, na mabwana wa mji wanaotaka kuonekana kwa kulisha watu. Bakuli la Mchina lilikuwa heshima. Chakula kikiisha linaoshwa, linarudishwa kwenye kidaka cha ukutani ili mgeni alione.

Halafu likapanda cheo zaidi, likaenda makaburini. Hili mnaweza kuliona kwa macho, wala si mbali na hapa. Pandeni daladala ya barabara ya Bagamoyo, mshuke Mtongani, mwingie Kunduchi. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Kwenye nguzo zile kulipachikwa sahani na mabakuli ya kauri, yakiwemo ya Kichina. Mengi yametoka, yamebaki matundu ya duara kama macho. Nilikwenda peke yangu Jumamosi moja, nikakaa chini ya mbuyu. Na harufu unayoisikia pale ni ya samaki wanaokaangwa pwani, maana Kunduchi mpaka leo ni kijiji cha wavuvi.

Sasa sikilizeni. Katika karne zote hizo za mabakuli, Mchina mwenyewe hakuwepo mezani. Vyombo vyake vilifika vikipita mikono ya wafanyabiashara wa India, Ghuba na Uarabuni. Huko kwao nao walitujua kwa kusikia. Mwandishi mmoja wa karne ya 9, Duan Chengshi, aliandika kuhusu nchi aliyoiita Bobali, ambayo wengi wanaona ni pwani ya Somalia, na nadhani mnaweza kukisia alichoanza nacho: chakula. Kwamba watu wale hawali nafaka, wanakula nyama, wanamtoboa ng'ombe mshipa wakanywa damu iliyochanganywa na maziwa. Ukitazama ramani yuko maelfu ya kilomita, hajafika, lakini tayari anajua tunakula nini na anashangaa. Tabia hii ya binadamu haijaisha. Mpaka leo hapa chuoni ukisema unakwenda kula kwa Mchina lazima atokee mtu akuulize kama utakula nyoka.

Wachina wenyewe walikuja na meli za Zheng He, aliyesafiri kati ya 1405 na 1433 na ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina kama zawadi. Mnaijua hiyo, ipo kila kitabu cha sekondari. Baada ya hapo Uchina ikaacha safari zile. Mabakuli yakaendelea kuja, wenye mabakuli wakabaki kwao.

Biashara ya majongoo ni picha ileile imegeuzwa. Kichina wanamwita haishen, yaani jinseng ya bahari, jinseng ikiwa ule mzizi wanaoutumia kama dawa ya nguvu. Ni chakula cha karamu na cha kumheshimu mgeni. Unguja kulikuwa na familia chache za Kichina kabla ya Mapinduzi ya 1964 zilizoshughulika na majongoo bahari na mapezi ya papa. Kazi ya kumwandaa ni ndefu: unampasua, unatoa utumbo, unamchemsha, unamfukia mchangani ili ngozi ya juu ilainike, unamsugua, unamchemsha tena, unamwanika mpaka awe mgumu kama jiwe. Mjomba anaweza kuieleza hatua kwa hatua macho yamefumbwa. Bei zilipopanda miaka ya 1990 pwani nzima iliingia majini, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikafunga uvuvi huo Tanzania Bara kwa sababu walikuwa wanakwisha. Zanzibar uliendelea, na siku hizi wanajaribu hata kuwafuga. Yaani zamani bakuli lake lilikuwa kwetu, yeye hayupo. Baadaye mnyama wetu akawa kwenye bakuli lake, na sisi hatupo.

"Na Tazara je?" mtauliza. Hapo namwachia mwenzangu wa chumba, maana babu yake alifanya kazi kwenye reli ile. Makubaliano yalitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Walikuja Wachina makumi ya maelfu. Huyo babu alikuwa kambi ya Mang'ula. Anasema walibeba mataruma pamoja, walinyeshewa pamoja, Mchina mkubwa wa kazi hakuona aibu kushika sururu. Lakini ikifika saa ya kula kila mtu na upande wake. Wachina wana wapishi wao, bustani zao za mboga, nguruwe wao. Waafrika wana ugali wao. "Miaka mitano," babu anasema, "nilijifunza kuwaamkia Kichina, sikuwahi kujua chumvi yao ikoje." Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye kazi ile, na wako wengi wamezikwa hapa Dar, upande wa Gongo la Mboto. Makaburi yao tunayo. Meza moja nao hatukuwa nayo.

Ila kitu fulani kilipenya. Nendeni genge lolote, hapo Mwenge au Savei, mwulizeni mama mboga ana nini leo. Mchicha, matembele, figiri, chainizi. Jina lenyewe linajieleza. Tunalila na ugali kila siku wala hatujisikii tumekwenda ugenini.

Migahawa ya Kichina kuongezeka mjini ni mambo ya baada ya mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980, walipoanza kuja wafanyabiashara na makampuni ya ujenzi badala ya wajumbe wa serikali peke yao. Mgahawa una jambo moja ambalo kambi ya Tazara haikuwa nalo: mlango wake uko wazi. Lakini uwazi wake una bei, na bei ile siku ile ilikuwa imefungwa mbele ya mjomba wangu ndani ya menyu.

Turudi mezani basi. Mjomba aliuliza kwanza kuhusu nguruwe, sufuria na mafuta, dada mhudumu akaenda jikoni akarudi na majibu yaliyomridhisha. Tukaagiza samaki mmoja wa kwenye tangi, apikwe kwa mvuke na tangawizi, kamba kidogo, chainizi la kitunguu saumu, na wali mweupe. Vikaja vyote mara moja, vikawekwa katikati kwenye kile kioo kinachozunguka. Samaki mzima, na kichwa chake. Chai haina sukari, mwenzangu wa Mlimba akaomba sukari, akaangaliwa. Vijiti tulivijaribu kwa kamba wawili hivi, tukavilaza pembeni. Mjomba akanawa, akamwendea samaki kwa mkono, akaanza na shavu kama anavyofanya nyumbani, na minofu ya tumboni akanisogezea mimi.

Akaangalia meza ya pili. Kulikuwa na Wachina sita hivi, wazee na vijana, kila mmoja anachota katikati, mmoja anamwekea mama yake kwenye bakuli. Akawatazama muda mrefu.

"Kumbe nao wanakula sinia," akasema.

Wakati tunamalizia akamwita yule dada, akamwambia kwa adabu: "Binti yangu, sina uwezo wa kumla, lakini naomba nimwone. Mkavu, kabla hajapikwa." Mimi nikaona aibu, nikatazama meza. Dada akacheka, akaenda jikoni. Akarudi na mpishi, mzee wa Kichina mwenye aproni, kashika jongoo mmoja mkavu kwenye kisahani.

Mjomba akamchukua. Akamnusa, akamgeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mpasuo wa tumbo. "Jongoo mchanga," akasema, hilo ndilo jina la aina ile. "Kapasuliwa na mtu mwenye haraka." Akamwonyesha mpishi kwa kucha, kwenye kiganja chake mwenyewe, mahali kisu kinapotakiwa kuanzia na mahali kinapotakiwa kuishia. Mpishi hakujua Kiswahili cha kutosha, lakini kisu alikijua. Akatikisa kichwa kukubali, naye akachora mstari uleule kwenye kiganja chake. Halafu mjomba akagusa sikio lake la kushoto, akaelekeza kidole chini, kama chini ya maji. Mpishi akanyamaza. Akampa mkono, mikono yote miwili, wakaachana. Dakika tatu nzima, na hapakuwa na mkalimani.

Hospitali wakamwambia sikio lile halitarudi, watalinda lililobaki. Nikampandisha basi la Kilwa alfajiri. Kabla basi halijaondoka akatoa kichwa dirishani: "Mjomba, ladha yake sasa ikoje?"

Sikuwa na jibu. Nina maandishi ya karne ya 9, nina vigae vya Kilwa, nina makaburi ya Kunduchi, ladha sina. Kwa hiyo nimejiwekea ahadi: mshahara wangu wa kwanza, kabla ya simu mpya na kabla ya kila kitu, mjomba anarudi pale Msasani, na safari hii hatuangalii ule upande wa bei.

Kama kuna mdau aliyewahi kumla jongoo bahari, atuambie ukweli bila kutia chumvi. Mimi naishia hapa, kesho saa mbili asubuhi nina mtihani na maharage yananisubiri.